Jinsi ya kuwaskiliza The Mountain Goats, na kuiba ufundi wao wa kupiga stori

Mtu akiuliza aanzie wapi na The Mountain Goats kuna mashabiki watamwambia aanze mwanzo kabisa, kaseti za 1991, af ashuke nazo kwa mpangilio mpaka leo. Usifanye hivyo. Hii bendi ina albamu zaidi ya 20, hapo hujahesabu kaseti ndogondogo na singo zilizotoka kopi chache, nyimbo ni mamia, na zile za mwanzo zimerekodiwa kwa redio kaseti ya nyumbani, yani unaskia mashine inavyozunguka kabla hujamskia mtu. Ukianzia huko nyimbo tatu tu utazima na utaondoka unasema hawa jamaa wanasifiwa bure.

Wengine nao wanakosea upande wa pili, wanaweka plei nyimbo kumi maarufu huku wanafanya kazi zao, zinapita kama muziki wa nyuma tu, gitaa, sauti ya jamaa wa puani kidogo anayepaza, basi. Hii siyo bendi ya kuskiliza nusu sikio. Melodi zake nyingi ni za kawaida sana, kodi (chords) tatu nne za gitaa, na mwenyewe John Darnielle, anayeziandika na kuziimba, siyo muimbaji wa kukutoa machozi kwa sauti peke yake. Mali yake iko kwenye stori. Kwa hiyo hapa nakupa namna ya kuingia, nini cha kusikilizia, na mwishoni kama we mwenyewe unaandika nyimbo basi vitu vya kuchukua uondoke navyo.

Unamskiliza nani hasa

Jina ni la bendi lakini kwa miaka mingi ilikuwa ni mtu mmoja, John Darnielle. Kazaliwa 1967 Bloomington, Indiana, kakulia California. Hakuanza kama kijana anayetafuta kutoka kimuziki, alikuwa nesi wa wagonjwa wa akili kwenye hospitali ya jimbo huko Norwalk, California, anaishi kwenye nyumba za wafanyakazi humohumo, akitoka kazini anachukua mashairi aliyoandika anayatafutia kodi za gitaa af anabonyeza kitufe cha kurekodi kwenye redio kaseti yake, Panasonic RX-FT500. Mashabiki wanaijua hiyo namba kwa kichwa, siwatanii. Kasoma pia Pitzer College pale Claremont, fasihi ya Kiingereza pamoja na mambo ya kale ya Wagiriki na Warumi, kwa hiyo usishangae ukikutana na miungu ya zamani na wafalme waliosahaulika katikati ya wimbo wa mtu aliyeachwa na mkewe.

Kaseti ya kwanza ilitoka 1991 chini ya Shrimper, lebo ndogo ya kaseti ya hukohuko California. Albamu kamili ya kwanza, Zopilote Machine, 1994. Mwanzoni Rachel Ware alikuwa anapiga besi na kuimba naye, baadaye Peter Hughes akashika besi kwa miaka mingi mpaka alipoondoka 2024, Jon Wurster akaingia kwenye drams 2007, na baadaye tena Matt Douglas ambaye anapiga karibu kila kitu, saksofoni, kinanda, gitaa. Darnielle anaandika na riwaya pia, Wolf in White Van ya 2014 iliingia kwenye orodha ndefu ya National Book Award, tuzo kubwa ya vitabu Marekani, na hili siyo la kupamba tu, mtu anayeweza kukaa na mhusika kurasa mia mbili ndo yuleyule anayemmaliza kwa dakika mbili kwenye wimbo.

Sasa kitu ninachotaka ukishike toka mwanzo, maana mengine yote yananing'inia hapo: namna walivyokuwa wanarekodi ndo imeamua namna wanavyosimulia. Ukifuata safari yao kwa jicho hilo hutapotea hata ukiruka albamu kumi.

Redio kaseti ilifundisha nini

Fikiria hali yenyewe. Una mashine moja, maiki iko ndani ya redio, hamna kuongeza sauti ya pili juu ya ya kwanza, hamna kurekebisha. Wimbo umeuandika sasa hivi na unaurekodi sasa hivi kabla haujapoa. Hapo huwezi kuweka utangulizi wa gitaa wa dakika nzima wala huwezi kuficha mstari mbovu nyuma ya drams, mstari wa kwanza lazima umshike mtu shingo. Ndo maana nyimbo za enzi zile karibu zote zinaanza stori ikiwa tayari imeshachemka, mtu yupo mlangoni, mtu anaangalia kitu mkononi mwa mwenzake, jua linafanya hivi, na ye anaongea na mtu fulani ambaye humuoni. Tukio moja tu af umekwisha.

Kwa sababu kila wimbo ni tukio moja, stori kubwa ikabidi igawanywe. Hapo ndo akaja na mtindo wa mfululizo. Kuna nyimbo kibao zenye jina linaloanzia na Going to, zinataja mahali, na karibu zote ni za watu wanaodhani wakihama matatizo yatabaki nyuma. Kuna na zile zenye neno Alpha kwenye jina, hizo ni za mke na mume walewale, wanapendana na wanamalizana kwa pombe, na zimetawanyika kwenye kaseti na rekodi tofauti kwa miaka. Msikilizaji ndo alikuwa anaunganisha mwenyewe. Hakuna aliyekwambia huyu mwanamke ndo yule wa kaseti ya juzi, unagundua.

Kuna wimbo mmoja wa enzi hizo nautaja kwa sababu una funzo, Going to Georgia, upo kwenye Zopilote Machine. Jamaa kasafiri mpaka kwa mwanamke, kasimama mlangoni ana bunduki, na wimbo unaimbwa kwa furaha kabisa kama mapenzi makubwa. Mashabiki waliupenda mno. Darnielle mwenyewe baadaye akasema wazi haupendi tena, akaacha kuupiga, maana ukimtoa yule jamaa kwenye melodi unabaki na mwanaume mwenye silaha kwenye mlango wa mtu. Mi naona yuko sahihi, na vilevile naona ni wimbo wa kuskiliza mara moja mbili ili ujue melodi ina nguvu gani ya kukufanya umkubali mtu ambaye hukupaswa kumkubali.

Anzia hapa

Anza na Tallahassee, ya 2002. Ndo albamu yao ya kwanza chini ya 4AD, lebo ya Uingereza yenye jina, imerekodiwa studio ya kueleweka na prodyuza Tony Doogan, kwa hiyo masikio yako hayatateseka. Na ndo wale mke na mume wa Alpha wamepewa albamu nzima hatimaye. Wamehamia nyumba chakavu pale Tallahassee, Florida, wamejifungia na pombe, na nyimbo 14 zinaenda mpaka kwenye moto.

Iskilize mwanzo mwisho bila kuruka, mara ya kwanza bila kusoma mashairi, mara ya pili ukiwa nayo mbele. Usijaribu kuelewa kila kitu. Sikilizia vitu viwili tu, nani anaongea na anamwambia nani. Utakuta karibu kila wimbo anayeongea anasema wewe, na huyo wewe ni mke au mume wake, siyo sisi. Sisi tupo dirishani. Kwenye wimbo mmoja mapenzi yao yanalinganishwa na mpaka wa Ugiriki na Albania, malori yaliyojaa silaha yanavuka kila usiku. Hebu kaa na hilo kidogo. Hakusema tunagombana sana, hakusema hatuaminiani, kakupa mpaka wa nchi mbili halisi na malori yanayopita gizani, na kila mtu aliyewahi kuishi kwenye ndoa ya namna hiyo anaelewa malori ni nini.

Af utafika No Children. Huu ndo wimbo uliozagaa TikTok 2021 kwa watu ambao hata hawajui bendi. Mtu anaombea kila kitu kibaya, marafiki wachoke kuwasaidia, ndoa isipone, wafe wote wawili, na muziki wake unakwenda kwa piano ya kuchangamka kama wimbo wa kilabu cha pombe watu wakishaanza kushikana mabega. Kwenye shoo ukumbi mzima unauimba kwa kupiga kelele huku wanacheka. Waliochukua kipande chake tu wanadhani ni wimbo wa chuki. Ukiufikia ukitokea wimbo wa kwanza wa albamu unajua kuwa hawa wawili bado wanapendana na hapo ndo penye shida yao, chuki peke yake wangeshaachana zamani.

Ya pili iwe All Hail West Texas

Hii nayo 2002, miezi michache kabla ya Tallahassee, na ndo ya mwisho ya enzi ya redio kaseti, yani ndani ya mwaka mmoja kafunga mlango mmoja kafungua mwingine. Ukiianza baada ya Tallahassee kelele za mashine hazitakusumbua tena, baada ya nyimbo mbili utaanza kuzipenda, zinakuweka chumbani naye.

Kwenye jalada wameandika kabisa kilichomo: nyimbo 14 kuhusu watu 7, nyumba 2, pikipiki moja, na kituo cha kufungia vijana wa kiume kwa matibabu. Hiyo ni orodha, siyo maelezo, hakuambii nani ni nani. Kazi yako ni kujaribu kuwapanga. Chukua karatasi kweli, andika majina unavyoyaskia, mi nilidhani ni mchezo wa kitoto ila ndo njia nzuri kuliko zote za kuiskiliza.

Wimbo wa kwanza ni wa vijana wawili wa Denton, Texas, Jeff na Cyrus, wana bendi ya metali nzito, wanakaa chumbani wanajadili jina la bendi na kuchora alama, wameshajiona matajiri na maarufu. Cyrus anapelekwa shule ya mbali ambako anaambiwa hatakuja kuwa mtu maarufu, ndo pale kituo cha kwenye jalada kinapoanza kunukia. Wanaandikiana barua, wanapanga kulipiza. Walilipiza vipi? Wimbo haukwambii. Unakwambia tu kwamba ukimuadhibu mtu kwa kuota ndoto zake usitegemee akusamehe, af unamalizika kwa kiitikio cha kumsifu shetani ambacho kwa wakati huo kinaskika kama ushindi, na wakristo wazuri kabisa nimewaskia wanakiimba.

Wa pili ni wa kijana nyota wa mpira wa Kimarekani shuleni, anaumia goti, sifa zinaondoka, anaanza kuuza LSD, dawa ya kulevya, anamuuzia askari bila kujua. Ana miaka 17 na sheria mpya inaruhusu afungwe jela ya serikali kuu. Wimbo hauna neno moja la kumuonea huruma, unataja jina lake kamili kama karani anayesoma faili. Jina kamili ndo linalouma.

Ila kama nakuruhusu wimbo mmoja tu wa kuuchambua humo, chukua The Mess Inside. Watu wawili mapenzi yamekufa, wanajaribu kuyafufua kwa safari. Beti ya kwanza wameendesha gari kwenda Provo, theluji nzuri. Beti inayofuata wiki mbili Bahamas, wanacheza muziki kila usiku. Af New Orleans wikiendi moja, wanakitafuta walichopoteza. Af New York, wanapanda treni kutokea Manhattan. Kila beti mahali papya, pesa imetumika, na kila beti inaishia palepale, hamna kitu. Angalia ufundi: mpangilio wa wimbo wenyewe, kwenda kurudi kwenda kurudi, ndo stori. Angeweza kuondoa kiitikio chote na bado ungeelewa kwamba hawa wamekwisha, kwa sababu watu wanaopendana hawahitaji kwenda mahali pengi hivyo.

The Sunset Tree, na hapa nenda taratibu

Mpaka hapa Darnielle alikuwa anaimba watu wa kubuni. Albamu ya 2004, We Shall All Be Healed, ndo alipoanza kufungua, inawahusu watumiaji wa madawa aliowajua wakati anaishi Portland na ye akiwemo. Baba yake wa kambo akafariki, na 2005 ikaja The Sunset Tree. Baba huyo alikuwa anawapiga, yeye na mama yake. Kwenye maelezo ya albamu kaitoa kwa vijana wanaoishi na watu wanaowatesa, akiwaambia watatoka humo wakiwa hai.

Kama we ni mmoja wa waliopitia hayo chagua muda wako, usiiweke ukiwa peke yako usiku wa kwanza.

Tuiangalie Dance Music kwa karibu maana haifiki hata dakika mbili na ina kila kitu. Inaanza kwa anuani, Johnson Avenue, San Luis Obispo. Mtoto ana miaka mitano au sita, mwenyewe hana uhakika, na huo wasiwasi wa umri ndo unaokufanya umuamini. Kwenye TV kuna habari za Watergate, ile kashfa iliyomwangusha Rais Nixon, kwa hiyo unajua ni mwanzo wa miaka ya 70 bila kuambiwa mwaka. Baba wa kambo anamrushia mama glasi kichwani. Mtoto anakimbia juu, anawasha kinanda chake kidogo cha santuri, anaweka sikio karibu kabisa na spika. Hiyo ndo beti nzima. Beti ya pili ni mtu yuleyule kakua, penzi lingine, uharibifu mwingine, na dawa ni ileile, muziki. Na wimbo wenyewe unarukaruka, piano ya kuchangamka, unaweza ukaupigia makofi. Ukiuskiliza mara ya tatu unagundua kwamba wewe sasa hivi ndo umeweka sikio kwenye spika, muziki unaouskia ndo ule wa kufunika sauti za chini, kakuingiza kwenye chumba cha mtoto na hukuona mlango.

This Year utaujua hata bila mimi, kijana wa miaka 17, gari, michezo ya video, pombe, na baba wa kambo anayemuogopa akirudi nyumbani. Ni wimbo mkubwa. Ila mi naona roho ya albamu iko kwenye ule wa mwisho, Pale Green Things. Albamu nzima umemchukia huyu mzee, sasa mwishoni mwimbaji anakumbuka asubuhi moja walivyoenda wote kuangalia farasi wa mashindano wakifanya mazoezi, na majani mabichi yanachomoza kwenye ufa wa lami. Af ndo anapigiwa simu na dada yake saa tisa usiku kwamba kafariki. Hamna msamaha unaotangazwa. Kachagua tu kumbukumbu ipi iwe ya mwisho na kakuacha nayo.

Ukitaka kuandika namna hii

Usiige sauti yake. Wapo wengi walioiga kupaza kwa puani na gitaa kavu la kasi na wote wanaskika sawa. Iba vitu vingine.

Kabla ya mstari wa kwanza amua nani anaongea, na nani anaambiwa. Siyo msikilizaji, mtu ndani ya stori. Ukishajua anaambiwa nani, nusu ya maelezo yanajifuta yenyewe kwa sababu watu wanaojuana hawaelezani wanachokijua wote. Mume hamwambii mke kwamba wameoana miaka kumi, anamwambia zile glasi zimebaki mbili. Hapo utaandika sentensi ambazo msikilizaji hazielewi vizuri mara ya kwanza na utaogopa. Ziache.

Af taja mahali kwa jina na kitu kwa jina. Jenny kwenye All Hail West Texas haji na pikipiki tu, anakuja na Kawasaki, na ukubwa wa injini unatajwa. Ila chagua kitu kimoja kwa beti. Ukitaja gari, saa, kiatu na sigara kwa chapa zake umeshaandika tangazo la duka, siyo stori.

Ingia kwa kuchelewa na utoke mapema. Chukua wimbo uliouandika, futa beti ya kwanza yote, ona kama bado unasimama. Mara nyingi unasimama vizuri zaidi, maana beti ya kwanza huwa ni wewe unajipasha moto. Fanya hivyohivyo na mistari miwili ya mwisho, ile uliyoiweka ili watu waelewe ulichomaanisha.

Mruhusu anayeongea awe mbaya au mjinga au muongo na usimsahihishe ndani ya wimbo. Hii ni ngumu kwa wengi kwa sababu tunataka tupendwe, na wahusika wetu tunawapa maneno yetu mazuri. Yule wa No Children hana hata neno moja la busara. Ila kumbuka na ule wa bunduki, ukimpa mtu mbaya melodi tamu ujue unachokifanya, kuna siku utausikia wimbo wako unaimbwa na ukumbi mzima na hutopenda wanachoshangilia.

Muziki usikubaliane na maneno moja kwa moja. Huzuni kwenye kodi za huzuni na kasi ya huzuni inachosha, msikilizaji anajua anachotakiwa kuhisi na anakataa. Jaribu mashairi yaleyale kwa kasi mara mbili.

Na jiwekee kizuizi. Hapa ndo turudi kwenye lile la redio kaseti, maana jamaa alipopata studio na bendi hakuacha kujibana, kabadilisha tu kamba. 2009 katoa The Life of the World to Come, nyimbo 12, kila moja jina lake ni mstari wa Biblia. 2015 Beat the Champ, albamu nzima ni wacheza mieleka, akiwemo Chavo Guerrero aliyekuwa shujaa wake utotoni. 2017 Goths haina gitaa hata moja, bendi ya roki, hamna gitaa. Af 2020 ziara zikafutwa kwa ajili ya korona, wenzake na mafundi wao hawana kipato, akaichukua ileile Panasonic akarekodi nyimbo 10 kwa siku 10 akiwa anasoma kitabu cha Pierre Chuvin kuhusu wapagani wa mwisho wa dola ya Roma, wimbo kwa siku, ikatoka kwa kaseti kwa jina Songs for Pierre Chuvin. Kwa hiyo usiseme unasubiri vifaa. Simu yako inarekodi vizuri kuliko ile redio. Chagua kitabu, chagua siku, funga mlango.

Baada ya hapo

Ukishamaliza hizo tatu uko huru, ruka utakavyo. Heretic Pride kama unataka bendi ikiwa imechangamka. Get Lonely kama umeachwa, na kama hujaachwa iache kwanza. Transcendental Youth ya 2012 ina mabomba ya shaba, yani tarumbeta na wenzake, na watu wanaojaribu tu kufika kesho. Zile za 2020 na 2021 zilizorekodiwa Memphis na Muscle Shoals zina sauti nzuri kuliko zote walizowahi kuwa nazo ila kwa stori mi naziona zinapita haraka, wapo watakaonipinga.

Kaseti za mwanzo zirudie sasa, masikio yameshazoea. Jenny from Thebes ya 2023 iweke mwisho, maana inamfuata yuleyule Jenny wa pikipiki, miaka 21 baada ya All Hail West Texas, na imejazwa piano, mabomba ya shaba na vinanda vya nyuzi kiasi kwamba ukiiskiliza kabla hujakaa na karatasi yako ya majina hutajua kwa nini watu walipagawa ilipotangazwa. Ile karatasi usiitupe, Jenny alikuwa na wageni wengi nyumbani na baadhi yao huenda ulishawaandika.